Kiti cha Kinga Kilichotazama Nyuma

Kitendawili!

Wewe uliyeshika simu, usijifiche, nimekuona. Sema "tega".

Haya. Mbavu zake ni nyingi kuliko za ng'ombe, lakini nyama hana. Akiwa na pumzi, anakubeba. Akikosa pumzi, wewe njo unamubeba. Nani?

Umeshindwa? Nipe muji basi.

Umenipa Kisangani? Nimeenda, nimekula samaki, nimerudi.

Ni kinga. Baiskeli, kama mnavyosema nyie wengine.

Na kwa ajili ya kinga, mwaka huu, vijana wa mutaa wetu hapa Kindu walitaka kumuchoma muntu muzima mbele ya mulango wangu. Mupira wa gari ulishavalishwa shingoni. Petroli ilishafunguliwa.

Mimi nikalala juu yake.

Watu walisema Koko Sifa, bibi yenu huyu, amerukwa na akili. Ngoja nikueleze, halafu utasema mwenyewe.

Ilianza na mujukuu wangu Divine. Ni muuguzi kwenye kituo cha afya ng'ambo ya muto, kule Alunguli. Kila asubuhi anapanda mutumbwi, anavuka, halafu anazunguka vijijini kuchanja watoto. Miguu ikamuchosha. Akanunua kinga mpya ya bei nyepesi, ile wanaita VTT.

Nyekundu! Springi za resori mbele, resori nyuma, na nyuma kule meno ya munyororo yamepangwa kama meno ya mamba.

"Koko, ona! Hii ni ya kupanda milima!"

"Kindu iko na mulima gani, mama?"

"Koko, huo ni wivu tu!"

Nikabonyeza kiti kwa mukono. Kikashuka, kikapanda, kama koo la chura.

Haikumaliza hata musimu wa mvua. Pedali za plastiki zilipasuka. Muchanga ukaingia kwenye kile kichuma cha nyuma kinachorusha munyororo toka jino hadi jino, munyororo ukawa unaruka wenyewe bila kuambiwa. Divine wangu akaupaka mafuta ya mawese, akidhani anauponya. Mawese yakashika vumbi, chungu wakaja kula. Siku hiyo alirudi anaisukuma huku anajikuna hadi kwapani.

"Cheka, Koko. Cheka tu."

"Sicheki. Kinga hainunuliwi, mama. Inajengwa. Dukani ulinunua mifupa."

Tukaijenga pale uani, yeye na mimi.

Resori ya nyuma nikaing'oa, muchomeleaji akatuwekea chuma kigumu mahali pake. Uma wa mbele nikaufunga nondo mbili, moja kila upande, toka ekseli hadi kwenye usukani, kwa sababu kinga ya Maniema inavunjika uma kwanza. Yale meno yote ya mamba nikayaacha yapumzike. Nikachagua moja la katikati, nikafupisha munyororo, basi. Pedali za chuma. Mipira ya freni nikaikata kwenye tairi kuukuu ya gari. Na ndani ya tairi zake nikalaza ukanda wa tairi nyingine iliyochakaa, mwiba ukiingia ufie njiani.

Zile mbavu za gurudumu nilizibadilisha zote, nikaweka nene. Unazipiga kwa ukucha, unasikiliza. Inayolia chini, unaikaza kidogo. Zikilia sauti moja, gurudumu limenyooka.

"Na mafuta?" Divine akauliza.

"Yale machafu ya pikipiki. Weka kidogo, halafu pangusa. Munyororo unataka kulamba, hautaki kuoga. Na kila Ijumaa, kabla watu hawajaenda musikitini, ushike nati zote, moja moja, kama unavyoshika watoto wako kwenye chanjo."

Akanitazama.

"Koko, haya yote ulifundishwa na babu Amuri? Watu wanasema njo alikuwa fundi mukubwa."

Hapo nikacheka kweli.

"Babu yako? Hakujua hata kurudisha munyororo uliotoka!"

Ni hivi. Fundi nilikuwa mimi. Baba yangu alinifundisha. Lakini wakati ule, wanaume wa mujini hawakutaka kuona mwanamuke ameilaza kinga yao miguu juu. Basi Amuri, bwana yangu, alikaa mbele barabarani, anapokea wateja, anawapigia utani, anajifanya kukaza nati. Kinga ikiingia uani, mimi natengeneza. Mujini hakuna aliyejua. Alijua rafiki yake mumoja tu, Florentin, kwa sababu huyo tulisafiri naye.

Vita vilipokuja, treni ilikufa. Mashua zilikufa. Kinga njo ikawa treni yetu. Tulivuka muto tukasukuma chumvi na sabuni hadi Kampene kwa wachimbaji, tukarudi na muchele na mawese. Hupandi. Unasukuma. Unafunga fimbo ndefu kwenye usukani, nyingine nyuma ya kiti, na muzigo unakuzidi urefu. Amuri kinga moja, Florentin kinga moja, na mimi nyuma na mufuko wa funguo za kukazia nati na kikapu kichwani.

Sisi wasukumaji tulikuwa na desturi yetu. Mwenzako akifia njiani, humuachi hivihivi. Unachukua kinga yake, unalegeza nati, unageuza kiti kitazame nyuma, unakaza tena. Halafu unaisukuma hadi kwake. Hupigi kelele, huingii na habari mudomoni. Unaiegemeza ukutani. Muke anatoka, anaona kiti, anajua. Kinga ya namna hiyo hata wezi wa porini waliipisha.

Siku ile, tulikuwa tunarudi toka Kampene. Asubuhi tulisikia bunduki mbali. Amuri akaja akanipokea mufuko wa funguo, akauvaa begani mwake. Nikajua ananipunguzia muzigo. Wakasemezana kidogo na Florentin pale mbele, Amuri anacheka kama kawaida yake. Tukaendelea.

Kwenye kona, tukaingia mikononi mwao.

Usiniulize walikuwa wa nani. Miaka ile bunduki haikuwa na kabila. Walikuwa wengi, macho mekundu, na kinga nyingi walizonyang'anya, zimejaa mali za watu. Kinga mbili zimelala chini, zimekufa.

Mbele yetu alikuwa muzee mumoja muuza muchele. Komanda wao alimuuliza jina. Muzee alikuwa na kigugumizi. Alianza, "Mi... mi..." Komanda hakungoja. Alimupiga risasi mudomoni, muchele wake ukawa mwekundu. Wakatuambia tupige magoti kwenye muchele uleule.

Mama mumoja karibu yangu alilia. Walimupiga na kitako cha bunduki hadi akanyamaza. Sikuthubutu kumutazama.

Halafu komanda akauliza: "Nani hapa ni fundi wa kinga?"

Tukainamisha vichwa.

"Nauliza mara ya mwisho. Hakuna fundi? Basi nyote hamuna kazi."

Nikaona kidole chake kinaingia kwenye bunduki. Nikajua lazima niseme. Ni mimi. Nikafungua mudomo.

Florentin akaruka toka magotini, akanipiga ngumi ya mudomo. Nikaangukia muchele. Jino langu hili la mbele, hilo pengo unaloliona nikicheka, lilitoka siku hiyo.

"Nyamaza wewe!" akasema. Akanyoosha kidole kwa bwana yangu. "Komanda, fundi ni huyu. Ona mufuko wake wa funguo."

Florentin! Aliyekula sahani moja na sisi!

Wakamusimamisha Amuri. Unajua alisema nini, mupumbavu wangu yule?

"Ndiyo, komanda. Natengeneza hata kinga ya mama mukwe wako."

Wakamupiga na kitako mbavuni. Akacheka na damu. Wakamufunga yeye na Florentin kwenye kinga za muzigo, wakapakia juu zile mbili zilizokufa zikatengenezwe kambini, wakawaswaga kuelekea kaskazini. Sisi wanawake wakatuacha na maiti.

Nikapiga kelele hadi sauti ikakatika: "Florentin! Kwa nini umemuonyesha Amuri? Wewe unajua! Kwa nini?"

Hakugeuka.

Nikabaki hivyo. Si muke, si mujane. Kinga ya bwana yangu haikurudi na kiti kilichogeuka. Ningekaa eda ya nani? Kila nikisikia nati inalia ukutani, nilitoka mbio. Ni paka. Ni upepo. Mutoto wangu akazaa, Divine akakua, na mimi bado natoka mbio.

Mudogo wa Amuri, Waziri, aliapa mbele ya familia: "Florentin akikanyaga Kindu, kichwa chake nitakiweka mulangoni kwako, shemeji."

Nami sikumukataza.

Sasa turudi kwenye petroli.

Asubuhi hiyo Divine alikwenda kazini kwa pikipiki ya mwenzake. Kinga aliiacha nje, imeegemea ukuta. Mimi niko jikoni nasonga bugali. Nikasikia, "Mwizi! Mwizi!" Unaijua sauti ile. Haina muntu ndani yake.

Nikatoka na mwiko mukononi.

Walikuwa wamemuangusha muzee, mwembamba kama kuni. Wanamupiga mawe, matofali, mateke ya taya. Nilisikia mufupa ukilia. Shati lake halikuwa na rangi tena. Djamali, yule anauza petroli ya chupa pale kona, alishamuvalisha mupira wa gari.

"Koko, tumemukamata!" akaniambia, anahema kwa furaha. "Alikuwa anafungua kiti cha kinga ya Divine! Na funguo iko mukononi!"

Nikatazama kinga.

Kiti kilikuwa kinatazama nyuma.

Kinga ya Divine! Divine wangu amekufa! Nikaanguka pale, nikaanza kulia jina lake. Watu wakashangaa, Koko analilia kiti?

Lakini Mungu ni mukubwa. Divine alikuwa amerudi kuchukua sanduku la chanjo. Akapenya katikati ya watu. "Koko, niko hapa! Niko hapa!"

Nikamushika uso. Ni muzima. Basi maiti ni nani?

Nikarudi kwenye kinga, nikagusa nati. Ilikuwa imekazwa hadi mwisho, vizuri kabisa. Jamani, mwizi wa kiti anakitoa akakimbia. Ni mwizi gani anageuza kiti, halafu anakikaza?

Vijana hawa wamezaliwa juzi. Desturi ile ilizikwa pamoja na wasukumaji. Djamali alikuwa anamimina petroli miguuni mwa muzee.

Muzee akafumbua jicho moja. Taya lilikuwa limekwenda upande. Akatoa neno moja na damu:

"Amuri."

Njo nikalala juu yake.

"Koko, toka! Tutakumwagia na wewe!"

"Mwaga, Djamali. Mwaga! Mimi njo nilikutengenezea kinga yako ya kwanza, ukaanguka nayo kwenye mufereji, nikakupangusa makamasi kwa kitenge changu. Leo unipanguse na petroli. Washa!"

Akasimama na kiberiti. Petroli ilikuwa inaniingia machoni. Divine akapanda juu yangu, tukawa watatu. Akina mama wa mutaa wakaanza kupiga kelele. Djamali akakitazama kile kiberiti kama kimemutapeli, akakitupa.

"Basi chukueni mwizi wenu," akasema.

Tukamuingiza ndani. Divine akamuosha uso. Damu ilipotoka, nikamuona.

Florentin.

Mwiko ulikuwa bado mukononi mwangu. Ningeweza kumumalizia nao, naapa. Nilimuokoa motoni muntu niliyemutakia kifo tangu siku jino langu lilipotoka.

Taya lilikuwa limevunjika. Divine alilifunga kwa vitambaa kichwa kizima. Hawezi kusema, kuandika hajui. Analishwa uji kwa murija wa papai. Mimi njo nilimulisha. Kila asubuhi nikimuuliza, "Florentin, kwa nini ulimuonyesha bwana yangu?" Na kila asubuhi machozi tu yanaingia kwenye vitambaa.

"Koko, acha apone kwanza," Divine alisema.

"Nimemuacha miaka yote hiyo. Uji namupa. Sura nzuri sina ya kumupa."

Habari inatembea bila miguu. Waziri akaja. Mvi kichwa kizima sasa, lakini panga ni lilelile.

"Shemeji, pisha mulango."

"Shemeji, ingia, ukae. Mukono wako siushiki. Lakini kinywa chake kwanza, panga baadaye. Ukimukata leo, nitakufa sijajua kitu."

"Kitu gani unataka kujua? Ulimuona mwenyewe kwa macho!"

"Na wale vijana walimuona anafungua kiti kwa macho."

Waziri akarudi kwake. Akawa anakuja kila siku, anakaa uani, panga kwenye mapaja, anangoja taya la muntu lipone ili amukate shingo. Hata chai nilimupa. Mutaa muzima ulikuwa unapita polepole mbele ya nyumba yetu.

Funzo nalitoa hapahapa, kwa sababu baada ya maneno ya Florentin sina la kuongeza. Wajukuu zangu, macho yanaona mukono, hayaoni amri iliyoutuma. Ukimuona muntu anafanya jambo usilolijua, muulize, na umupe nafasi ya kujibu. Kiberiti hakiulizi. Risasi haikumungoja yule muzee wa kigugumizi amalize jina lake. Wewe umungoje.

Siku Divine alipofungua vitambaa, Waziri aliingia, akasimama kichwani mwa kitanda na panga lake. Florentin alilitazama, halafu akanitazama mimi. Sauti yake ilikuwa kama muchanga kwenye munyororo.

"Mama Sifa. Amuri amekufa."

"Kiti kilishaniambia. Alikufa wapi?"

"Njia ya Punia, ng'ambo ya kijito kimoja cha maji meusi. Walitusukumisha hadi vidole vya miguu vikatoka kucha. Munyororo wa kinga ya komanda ukakatika. Akamuambia Amuri, tengeneza. Amuri akakaa chini. Akafungua mufuko, akazitazama funguo zako. Akawa anazipanga, anapangua, anapiga utani. Wale walinzi wakacheka. Komanda hakucheka. Alimupiga risasi akiwa ameshika munyororo."

Divine aliziba uso.

"Nilimuzika kwa mikono," akasema. "Nikasimamisha usukani wa kinga kwenye kichwa cha kaburi. Halafu wakaniswaga tena mbele, hadi kwenye mashimo yao ya madini. Nilipotoroka, nikasikia Waziri ameapa. Nikaogopa. Nikajificha Punia hadi nikazeeka. Sasa kifua kimekwisha, natema damu. Nikasema, siwezi kufa kabla sijamugeuzia kiti. Kinga yake sina. Nikakuta hii kwenye ukuta wa nyumba yake."

"Umesikia, shemeji?" Waziri akafoka. Panga likapanda. "Amemutoa muntu asiyejua kinga, akijua hajui! Amemupeleka kufa mikono mitupu! Unataka kusikia nini tena?"

Divine akashika mukono wa Waziri kwa mikono yake yote miwili. Panga likabaki juu.

Nikasogeza kiti changu karibu na kitanda, hadi magoti yangu yakagusa ubao.

"Florentin," nikasema. "Fundi nilikuwa mimi. Wewe ulijua. Ulinivunja jino nisiseme. Kwa nini ulimuonyesha Amuri?"

Akafumba macho. Akayafumbua.

"Aliniapisha mwenyewe, Mama Sifa. Asubuhi ile, tuliposikia bunduki. Alisema: 'Wakiuliza fundi, unionyeshe mimi, haraka. Na Sifa akifungua mudomo, umupige hadi aanguke. Wakijua ni yeye watamuchukua, na unajua wanachowafanya wanawake kule. Mimi nitawachekesha mpaka afike nyumbani.'"